Ofisi moja inaniita mchoraji, nyingine inaniita mtakwimu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28, naishi Kirumba, Mwanza, na mama yangu ambaye anauza dagaa pale soko la Mwaloni tangu sijazaliwa. Shahada ya kwanza nilisoma takwimu, hapahapa nchini, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nilipomaliza nilipata mkataba wa miaka 3 kwenye mradi mmoja wa utafiti. Nilizunguka vijiji vya Sengerema na Misungwi na kishikwambi mkononi, mchana nahoji kaya, usiku nasafisha data. Kazi ile niliipenda. Kilichoniuma ni kwamba ripoti zilipotoka, watu tuliowahoji hawakuziona, na wakubwa wa wilaya walizipokea, wakasaini kitabu, zikaishia kabatini.

Ndiyo maana nilipopata ufadhili wa kwenda Uingereza nilichagua shahada ya uzamili inayounganisha data na dizaini. Mwaka mzima, nusu ya wiki tunaandika programu kwa R na Python, nusu nyingine tuko studio: rangi, herufi, kuchora kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta, kukaa na mtu atakayetumia kitu na kumwangalia anavyokitumia bila kumsaidia. Tasnifu yangu ilihusu namna ya kuonyesha data kwa watu wasiozoea kusoma grafu. Nilifaulu vizuri.

Tangu nirudi, huu ni mwezi wa tisa. Nimetuma maombi 41 na kuitwa kwenye usaili mara 4. Usaili wa kwanza, mwenyekiti wa jopo alisoma cheti changu, akakigeuza nyuma kama anatafuta kitu, akauliza, "Sasa binti, wewe ni mtu wa takwimu au wa kudizaini mabango?" Nikamjibu, "Vyote viwili." Akasema ahsante, tutakupigia. Wa pili walinipa mtihani wa kutengeneza kadi ya mwaliko wa harambee. Wa tatu jopo lilikuwa la watakwimu watupu, wakaniambia kwa upole kwamba mwaka ule ningeutumia kusoma takwimu zenyewe ningekuwa mbali. Wa nne mpaka leo kimya.

Wenzangu niliosoma nao, mmoja yuko kwenye chumba cha habari London anachora takwimu za uchaguzi, mwingine anabuni programu ya simu ya benki. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilipia nauli ya kwenda Dar kwa ajili ya viza, ananiambia mshika mbili moja humponyoka, na kwamba nimeponyokwa na zote. Mama hasemi kitu. Ila kila Jumatatu naikuta noti ya elfu tano imekunjwa chini ya kikombe changu cha chai, ya bando. Inanuka dagaa. Shangazi, nikiishika nashindwa kumeza chai.

Naomba unishauri. Niifute hii shahada ya uzamili kwenye wasifu wangu nibaki na ya takwimu tu? Nihamie Dar au Nairobi? Au nikubali nilikosea, nianze kitu kingine?

Njia Panda, Kirumba

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye noti iliyokunjwa. Kwa mama tutafika. Tuanze na yule mwenyekiti wa jopo, maana swali lake ndilo lililokukwamisha, na nadhani ulilipokea vibaya.

Hakuwa anakudharau. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, kwenye miradi ya maji na ya afya hapa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo nikueleze kinachoendelea kule. Bajeti ya mradi ina mstari mmoja, wenye cheo kimoja na mshahara mmoja. Umeandikwa Afisa Ufuatiliaji na Tathmini, au Mchambuzi wa Data, au Afisa Mawasiliano. Mstari wa "vyote viwili" haupo. Ulipojibu vile ulimwachia yeye kazi ya kutafuta pa kukuandika, na nje kwenye benchi kuna watu kumi wanasubiri. Mjomba wako pale mlangoni anasema kweli: ukishika mbili, moja itakuponyoka. Ukishaingia ndani, methali hiyo haikuhusu tena.

Ingia kwa jina moja, na jina hilo ni takwimu. Una shahada yake, una vijiji ulivyozunguka kwa miguu, hapo hakuna wa kukubishia. Ukiulizwa tena swali lile, sema, "Mimi ni mtakwimu. Uzamili nimesomea namna ya kufanya takwimu zisomwe na wanaotakiwa kuzifanyia uamuzi." Kisha nyamaza, uwaonyeshe kazi.

Wala usiifute. Ukiifuta, mwaka ule utabaki tundu kwenye wasifu na utaulizwa ulikuwa wapi. Ila jina la kozi peke yake halimwambii mtu wa hapa chochote, kwa hiyo chini yake andika kwa mistari miwili unachoweza kufanya: kusafisha na kuchambua data kwa R na Python, kuchora grafu na ramani, kuzijaribu kwa watumiaji kabla hazijachapishwa. Neno dizaini lenyewe lipunguze. Mjini kwetu mtu akilisikia anafikiria kalenda na fulana za kampeni, ndiyo maana ukapewa kadi ya harambee.

Serikalini ni njia nyingine. Nafasi za Mtakwimu Daraja la II zinazotangazwa kwenye Ajira Portal zinaangalia shahada ya kwanza, na yako inakutosha kugonga hodi. Omba kila zinapotoka. Cheti cha nje kipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe sasa, usisubiri kuitwa ndipo uanze kukimbia. Na popote watakapokuajiri watakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya Bodi ya Mikopo, basi ukiulizwa unataka kulipwa ngapi, jibu ukiwa umeshaitoa hiyo.

Wale watakwimu wa usaili wa tatu ndio nisiokubaliana nao hata kidogo.

Nikusimulie. Nilikuwa kijana kama wewe, nimetumwa kisiwani Ukerewe kukusanya takwimu za vyanzo vya maji. Miezi mitatu. Nikaandaa jedwali la kurasa nne, kila kijiji na namba zake, sikukosea hata nukta. Siku ya kikao nikaligawa. Mzee mmoja wa mbele alilikunja akawa anajipepea nalo, jua la Ukerewe la saa nane unalijua. Nilisoma namba zangu mpaka mwisho, hakuna aliyeuliza swali. Baadaye dada mmoja muuguzi akainuka, akaomba chaki. Akachora visiwa kwa makadirio tu, akaweka kila kijiji duara, duara likawa kubwa kadiri akina mama wanavyotembea mbali kuchota maji. Alitumia namba zangu zilezile. Duara moja likafunika karibu robo ya ubao. Yule mzee akaacha kujipepea. Akauliza, "Hiki ni kijiji gani?" Kikao kikaanza hapo.

Sijawahi kumsahau dada yule. Wenyewe wauguzi wana mkubwa wao kwenye hili: Florence Nightingale, ambaye wengi wanamjua kwa taa yake tu. Mwaka 1858 alichapisha mchoro wa duara uliogawanywa kwa miezi, ukionyesha kwamba askari wa Uingereza kwenye vita vya Crimea walikufa zaidi kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Namba zilikuwepo. Mchoro ndio uliowafanya wakubwa wazione. Kwa hiyo anayekwambia umepoteza mwaka, mwambie fani yako ina zaidi ya miaka 160 na imewahi kuokoa watu.

Na hapa ziwani? Unakumbuka utabiri wa hali ya hewa ulivyokuwa ukisomwa, "ziwa litakuwa na mawimbi makubwa kiasi"? Mvuvi wa Ukara afanye nini na sentensi hiyo? Mwaka 2017 ulianza mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ukazikutanisha mamlaka za hali ya hewa za nchi za ziwa letu. Kazi yake moja ilikuwa kukaa na wavuvi wenyewe na kuupanga upya utabiri: ziwa likagawanywa kwa maeneo, siku ikagawanywa kwa vipindi, upepo na mawimbi vikasemwa kwa namna ambayo mtu anaamua kusukuma mtumbwi au kulala. Iite utakavyo, mwanangu, lakini ile ni shahada yako, imevaa koti la mvua.

Sasa swali langu kwako, na unijibu kwa ukweli. Kati ya maombi yale 41, ni mangapi uliyotuma na kazi uliyoifanya kwa data za hapa? Nahisi uliambatanisha michoro ya tasnifu, mizuri, ya mambo ya Uingereza. Mtu wa Nyakato akiiangalia anasema binti anajua, lakini anajua ya kwao.

Mama yako ana daftari. Sijaliona, ila sijawahi kumwona mama wa dagaa Kirumba asiye na daftari: magunia yaliyoshushwa kutoka visiwani, bei aliyonunulia, sado alizouza, nani kachukua kwa mkopo. Kama limeanza tangu hujazaliwa, basi una hazina ambayo ofisi nyingi hapa mjini hazina. Chukua hata miaka miwili tu ya karibuni, iingize kwenye kompyuta siku kwa siku.

Halafu fanya hivi. Kwanza piga wastani wa bei kwa kila mwezi wa kalenda, uchore. Utapata mstari usiosema mengi, kwa sababu kila mwezi wa kalenda unameza giza na mbalamwezi kwa pamoja. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, mitumbwi inalala. Sasa zichukue siku zilezile, uzipange kwa umri wa mwezi wa angani, kuanzia mwezi mwandamo, siku ya 1 hadi ya 29 au 30, kila mwezi juu ya mwenzake. Kila mama pale Mwaloni anakijua utakachokiona, ila hajawahi kukiona kwa macho. Usishangae bei ikichelewa siku kadhaa nyuma ya mwezi, maana dagaa lazima waanikwe, wapakiwe, wavuke maji ndipo wafike kwa mama. Huo ucheleweshaji nao ni habari, upime. Kisha tia alama siku za mvua. Dagaa walioanikwa mchangani mvua ikiwakuta wanaishia chakula cha kuku, wale wa kwenye chanja wananusurika, na tofauti ya bei kati yao ni hoja ya kumpelekea mtu yeyote anayeshughulika na uvuvi.

Ukishachora, peleka karatasi yako stationeri ikatolewe kopi nyeusi na nyeupe. Usiicheke hatua hii. Ripoti zote za wilayani zinapita kwenye mashine ya fotokopi, na nyekundu yako na kijani yako vitatoka kijivu kimoja. Kama mchoro hausomeki kwenye kopi, bado haujaisha. Halafu mpe mama. Usimweleze kitu, mwangalie tu anaanza kuweka kidole wapi, kama mlivyofundishwa studio.

Jambo moja la kuangalia: majina ya wanaodaiwa yasitoke humo kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, hao ni wateja wa mama yako.

Kazi hiyo moja, ukurasa mmoja wa mchoro na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili kilichonyooka, ndiyo utakayokwenda nayo kwenye milango. TAFIRI wako hapahapa Mwanza na shughuli yao ni utafiti wa uvuvi. Kuna idara za uvuvi za halmashauri zenye mialoni. Kwa upande wa afya kuna NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na hospitali ya Bugando, ambako watafiti wana data nyingi kuliko watu wa kuzifanya zieleweke, na huko ulishafanya kazi ya kufanana nayo. Kuna MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ukitaka kazi ya pili ya kuonyesha, chukua matokeo ya Sensa ya 2022: Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, na mgawanyo wao kwa kata uko wazi kwa kila mtu. Chora Ilemela na Nyamagana kwa QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, kwa swali moja tu utakalolichagua wewe.

Usiulizie ajira tu. Ulizia pia kazi za siku 10, za siku 20: mchoro wa ripoti, ramani, dodoso la kurekebishwa. Miradi ya hapa inakwama mwishoni, ripoti inatakiwa Ijumaa na hakuna wa kuipa sura. Ndivyo nilivyoona watu wengi wakiingia, wanaitwa mara moja, wanaitwa tena, halafu mstari wa bajeti unaandikwa kwa kuwafikiria wao. Uwe na namba ya mlipakodi tayari, na ujue watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo.

Kuhusu Dar na Nairobi, sikukatazi. Kazi zinazoendana na cheti chako neno kwa neno ziko huko zaidi: benki na kampuni za simu zinazobuni programu zao, shirika la Twaweza ambao tangu 2013 wanatoa Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni ya watu, kwa ripoti fupi zenye grafu, Code for Africa kwa upande wa habari. Madawati ya michoro ya vyombo vya habari kama Financial Times na Reuters nayo yapo, ni machache, na mwenzako aliyeko London ameshasogea karibu. Tuma maombi huko ukiwa Kirumba, ukiwa na ile kazi ya dagaa, ambayo hakuna mwombaji mwingine atakuwa nayo. Lakini usihame kwa sababu ya aibu ya kikombe cha chai. Kodi ya chumba Dar itakula hata hizo elfu tano, na utakuwa mbali na daftari.

Mama hasemi kitu kwa sababu, nadhani, hajui ulichosomea. Ulimwambia jina la kozi, akakujibu hongera mwanangu, basi. Mweleze kwa dagaa zake. Mwambie unahitaji daftari lake na unahitaji akufundishe alama zake, maana najua ana alama ambazo mwingine hazisomi. Na noti ile ipokee mkononi mwake, useme ahsante mama, badala ya kuiokota chini ya kikombe kila mmoja akijifanya haoni.

Daftari mwombe jioni, akishahesabu mauzo. Asubuhi boti za visiwani zinaposhusha magunia hatakusikia.